MAFUA YA MWAKA HUU SI YALE YA MWAKA JANA
Kwa nini mtoto aliyepona anaugua tena, na sisi wazazi tufanye nini



Mvua zikianza hapa Kampala, nyumba zetu zinajaa sauti moja tu: kukohoa. Katwe, Nsambya, Makindye, Kabalagala, kote ni hivyo. Waganda wanaita senyiga, sisi wengine tuliotoka Kongo tunasema gripi, wengine mafua. Anaanza mtoto wa shule, kesho yake mdogo wake, kesho kutwa mama mwenyewe. Katika muzigo wa chumba kimoja hakuna pa kukimbilia.

Katika mazungumzo yetu na akina mama, dada mmoja alituuliza swali ambalo lilitufanya tuandike ukurasa huu. Mtoto wake wa kwanza aliugua kifua akapona. Mwaka uliofuata akaugua tena mafua, lakini kidogo tu, akawa anacheza. Lakini mdogo wake wa miezi mitatu aliambukizwa siku hizo hizo, akashindwa kunyonya, akalazwa hospitali siku nne akiwa kwenye oksijeni. Bibi yake alikuwa amesema, "Ni mafua tu, itapita." Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama akauliza: "Si walituambia mtu akishaugua mwili unapata kinga? Sasa mbona mkubwa ameugua tena, na akamletea mdogo?"

Ni swali zuri kweli. Tumelichimba, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KUTANA NA KIRUSI CHENYEWE

Kwanza tujue kwamba mafua si ugonjwa mmoja. Vipo virusi vingi vinavyoleta mafua na kikohozi. Kuna vya influenza, kuna vya jamii ya korona, kuna vingine vingi. Lakini kwa watoto wachanga, kimoja kinasumbua kuliko vingine. Madaktari wanakiita kwa kifupi RSV.

Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1956 huko Marekani, tena si kwa mtu bali kwa sokwe waliokuwa na mafua kwenye maabara. Muda mfupi baadaye kikapatikana kwa watoto wachanga wagonjwa katika mji wa Baltimore. Sasa tunajua kwamba karibu kila mtoto duniani anakipata kabla hajafikisha miaka miwili. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa ni mafua ya kawaida. Kwa mtoto mchanga kinashuka chini kwenye vijia vidogo vya hewa katika mapafu, vinavimba na kujaa makohozi, mtoto anashindwa kupumua.

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake, watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano walikufa duniani kwa sababu ya kirusi hiki, na karibu wote walikuwa katika nchi za kipato kidogo na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa hiyo lile neno "ni mafua tu" tuliseme kwa uangalifu pakiwa na mtoto mchanga ndani.

KAMA JINA LINALOKOSEWA NA MAKARANI

Sasa tuje kwenye swali. Kwa nini kinarudi?

Sisi wakimbizi tunaweza kuelewa jambo hili haraka kuliko watu wengine, maana tumelipitia kwenye makaratasi. Tuseme jina lako ni Nyamwiza. Karani wa kwanza, pale ulipovuka mpaka, ameandika Nyamuiza. Wa pili amenakili kutoka karatasi ya kwanza akaandika Nyamuisa. Wa tatu akasikia vibaya, akaandika Namwisa. Hakuna aliyekusudia. Lakini siku umefika getini, mlinzi ana orodha yake mkononi, anatafuta "Nyamwiza" na wewe karatasi yako inasema "Namwisa". Anakutazama, hakutambui.

Kirusi kinafanya vilevile. Ndani yake kina maandishi yake, kama kitabu kidogo cha maelekezo. Kitabu cha RSV kina herufi kama 15,000. Kikiingia kwenye pua ya mtoto kinanakili kitabu hicho mara nyingi mno, na kinanakili kwa haraka bila kusahihisha. Kila mara kuna herufi inayokosewa. Makosa mengi hayana faida, nakala hizo zinakufa. Mengine hayabadilishi kitu. Lakini mara moja moja kosa linabadilisha sura ya nje ya kirusi. Na mlinzi wetu, yaani kinga ya mwili, anayo orodha ya sura za zamani. Anapepesa macho, kirusi kinapita.

Nje ya RSV kuna vitu viwili muhimu. Kimoja kinaitwa G, kinakisaidia kirusi kushika ukuta wa ndani ya pua na kifua. Cha pili kinaitwa F, kinakisaidia kuingia ndani. G kinabadilika sana. F kinabadilika kidogo tu. Kumbukeni hilo, tutalirudia kwenye habari ya chanjo.

Lakini tuseme ukweli wote: si kubadilika peke yake kunakofanya mtu augue tena. Kinga ya mwili juu ya RSV nayo haikai sana. Watu wazima waliojitolea kupimwa waliweza kuambukizwa tena na kirusi kile kile baada ya miezi michache. Kwa hiyo ni mambo mawili pamoja: kirusi kinabadili sura, na mlinzi naye anasahau. Hata hivyo mlinzi hasahau yote. Ndiyo maana mkubwa wa yule dada alipata mafua madogo, mara ya pili mwili ulikuwa na kumbukumbu kidogo. Mdogo wake hakuwahi kukutana nacho.

HABARI KUTOKA KILIFI

Mahali ambapo watu wamekifuatilia kirusi hiki kwa miaka mingi si mbali nasi. Ni Kilifi, pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Tangu mwaka 2002, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakiwapima watoto wanaolazwa hospitali ya Kilifi kwa ugonjwa wa kifua. Wanachukua ute wa puani, wanautafuta RSV, halafu wanasoma zile herufi za kitabu chake. Wakilinganisha herufi za mwaka huu na za mwaka jana, wanaweza kuchora ukoo wa kirusi, huyu ni mtoto wa nani, huyu ni mjukuu wa nani, kama tunavyohesabu koo zetu sisi.

Wameona nini?

Kwanza, RSV ina koo mbili kubwa, A na B. Kilifi koo hizi zinapokezana. Misimu kadhaa A inatawala, halafu B inachukua nafasi. Ni kama watu waliosahau A ndio wanaoipa nafasi ya kurudi.

Pili, msimu mmoja hauletwi na kirusi cha namna moja. Ndani ya msimu mmoja wanakuta namna nyingi, nyingine zilibaki kutoka mwaka uliopita, nyingine zimeingia mpya kutoka nje.

Tatu, na hili linashangaza, wameona mgeni akifika kutoka mbali. Mwezi Desemba mwaka 2010, katika jimbo la Ontario nchini Canada, ilipatikana RSV ya ukoo A yenye kosa la ajabu: kipande cha herufi 72 katika sehemu ya G kilikuwa kimenakiliwa mara mbili, kama karani aliyeandika mstari mmoja mara mbili bila kujua. Wakaipa jina ON1, kwa sababu ya Ontario. Mwaka 2012 ikaonekana Kilifi. Ndani ya miaka miwili tu, kutoka Canada hadi pwani ya Kenya! Haikuwa na pasi wala kibali, ilisafiri kwenye pua za watu. Na ndani ya misimu michache ikawasukuma nje ndugu zake wa ukoo A waliokuwepo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1999 huko Buenos Aires, Argentina, ilionekana RSV ya ukoo B yenye herufi 60 zilizorudiwa. Waliiita BA. Nayo ilizunguka dunia nzima na kuchukua nafasi ya wenzake.

ANAYELETA UGONJWA NYUMBANI NI NANI?

Kati ya mwisho wa mwaka 2009 na katikati ya mwaka 2010, watafiti wa Kilifi walifanya kazi ngumu. Walichagua kaya 47 zenye mtoto mchanga, jumla watu karibu 500, na wakawapima wote puani mara mbili kila wiki kwa miezi sita, awe mgonjwa au mzima. Walitaka kujua mtoto mchanga anaambukizwa na nani.

Jibu likawa: mara nyingi ni kaka au dada yake, hasa yule anayekwenda shule. Tena baadhi ya walioambukizwa hawakuonyesha dalili yoyote.

Tunaomba hapa tusielewane vibaya. Hakuna wa kumlaumu. Mtoto wa darasa la pili hakosi adabu akileta mafua. Lakini tukijua mlango ambao ugonjwa unaingilia, tunajua pa kusimama.

NA HAPA UGANDA?

Uganda ina historia ndefu ya kufuatilia virusi. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe, ilianza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Kirusi cha Zika kilipata jina lake kutoka msitu wa Zika karibu na hapo, mwaka 1947. Leo taasisi hiyo ndiyo kituo cha taifa cha kufuatilia influenza, inapokea ute wa wagonjwa kutoka hospitali na kutazama aina gani inazunguka.

Na tusisahau yale tuliyoyaona wenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa korona alithibitishwa nchini Uganda tarehe 21 Machi 2020. Miezi michache baadaye, wataalamu wa Entebbe waliona katika magereza ya Amuru na Kitgum, kaskazini, aina waliyoiita A.23. Iliendelea kubadilika, ikawa A.23.1, ikashuka hadi Kampala. Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 ndiyo iliyotawala hapa mjini, na ikaonekana katika nchi nyingine zaidi ya 20. Halafu ikaja Delta, na katikati ya mwaka 2021 ikaifagia. Wengi wetu tunaukumbuka Juni ule, na watu tuliowapoteza. Mwisho wa mwaka huo huo ikaja Omicron, nayo ikaifagia Delta. Kabla shule hazijafunguliwa kikamilifu Januari 2022, tulikuwa tayari tumeona wageni watatu wakipokezana kiti.

Influenza yenyewe ina ufundi wake wa pekee. Kitabu chake kimegawanyika vipande vinane. Aina mbili zikikutana ndani ya mwili mmoja zinaweza kubadilishana vipande, kama watu wanaobadilishana mashati, na ghafla anatokea mgeni kabisa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2009 kwa ile homa iliyoitwa ya nguruwe. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanakutana mara mbili kila mwaka kuamua chanjo ya influenza itengenezwe kwa aina zipi.

Je, wajua? Aina nyingine zinapotea. Ukoo mmoja wa influenza B, unaoitwa Yamagata, haujathibitishwa tena popote duniani tangu Machi 2020, wakati watu walipojifungia na kuvaa barakoa. Maana yake hata sisi watu wa kawaida, kwa mikono na midomo yetu, tunaweza kukifungia kirusi njia.

CHANJO: KUTAFUTA SEHEMU ISIYOBADILIKA

Kwa miaka mingi hapakuwa na chanjo ya RSV. Zilizofaulu mwishowe hazimfukuzi G anayebadilika sana, zinamlenga F, yule asiyebadilika sana. Ni kama mlinzi anayeacha kutazama nguo na kuanza kutazama alama za vidole.

Mwaka 2023 chanjo ya mama mjamzito ilikubaliwa Marekani na Ulaya. Imetengenezwa kwa F wa koo zote mbili, A na B. Mama anachomwa mara moja katika miezi ya mwisho ya mimba, mwili wake unatengeneza kinga, kinga inapita kwa mtoto tumboni, mtoto anazaliwa tayari ana mlinzi wa miezi ya kwanza. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote ziwe na njia ya kuwakinga watoto wachanga, ama kwa chanjo hiyo kwa mama kuanzia wiki ya 28 ya mimba, ama kwa sindano ya kinga anayochomwa mtoto mwenyewe. Mama mjamzito, ukienda kliniki uliza. Na siku ikifika kwenye kliniki yako, usiiogope wala usisikilize maneno ya mtaani.

Wakati huo huo, kadi ya chanjo ya mtoto ikamilishwe. Chanjo ya nimonia ya pneumococcus ipo Uganda tangu mwaka 2013. Haizuii RSV, lakini inamkinga mtoto na bakteria wanaoweza kuongeza ubaya juu ya ubaya.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Hatuwezi kumtenga mtoto katika chumba kimoja, hilo tunalijua. Lakini haya yanawezekana:

1. Mtoto akirudi shule, kabla hajamshika mdogo wake, anawe mikono kwa sabuni. Iwe sheria ya nyumba, kama kuvua viatu mlangoni.

2. Mwenye mafua asimbusu mchanga usoni. Ambusu miguuni! Na asile naye kijiko kimoja.

3. Usiku mchanga alale upande wa mama, si katikati ya ndugu zake wanaokohoa.

4. Mbabula au sigiri ipikiwe nje. Moshi wa makaa unaumiza mapafu madogo, na ndani ya chumba kilichofungwa makaa yanaweza kuua. Sigara pia nje. Mchana fungua dirisha.

5. Mama aendelee kunyonyesha. Mama akiwa na mafua mwenyewe, avae barakoa, anawe mikono, anyonyeshe. Asiache.

6. Vitu vinavyoshikwa na wote, kama simu, meza na vikombe, vifutwe kwa maji ya sabuni. Kirusi hiki kinaweza kuishi juu ya kitu kigumu kwa saa kadhaa.

MTOTO AKIISHA KUUGUA

Kama ananyonya, anacheza na anapumua vizuri, mtunze nyumbani. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Safisha pua yake kabla ya kunyonya. Usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki. Antibiotiki inaua bakteria, kirusi hakiigusi. Ukiinunua kila mafua yakija, unapoteza pesa ya unga, na siku mtoto anapoihitaji kweli inaweza kuwa imeshazoeleka na bakteria. Mhudumu wa afya akimpima na kuona anaihitaji, hapo ni jambo lingine, mpe mpaka mwisho kama ulivyoelekezwa.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, asilie wala asinyonye, inua shati lake, tazama tumbo na kifua, hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu. Anapumua haraka mno kama:

- chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi
- miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi
- mwaka 1 hadi 5: mara 40 au zaidi

Akifika hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na usingoje hata dakika, iwe usiku iwe mvua, ukiona moja ya haya: kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, amelegea, haamki vizuri, ametetemeka kwa degedege, anaacha kupumua kidogo halafu anaanza tena. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, hata homa peke yake inatosha kwenda.

Tukumbushane: sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutumia huduma za serikali, na ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwaka 2001. Kama lugha ni tatizo, nenda na jirani anayejua Luganda au Kiingereza, usikae nyumbani kwa sababu ya aibu ya lugha. Andika hesabu ya pumzi kwenye karatasi, namba haihitaji mkalimani.

Yule dada aliyetuuliza swali, sasa amembandikia mtoto wake mkubwa karatasi juu ya beseni: "Mikono kwanza, mtoto baadaye." Anatuambia kijana anajivuna, eti yeye ndiye askari wa geti. Na kweli ndiye. Mafua yatarudi, yakiwa na sura nyingine, mwaka huu na mwaka ujao. Sisi nasi tuwe macho mlangoni.

Kateni ile orodha ya pumzi, mibandike ukutani, na mumpe habari jirani asiyeweza kusoma. Mpaka toleo lijalo, watoto wetu walale vizuri na wapumue vizuri.